Waandishi wa Programu Wanapoondoka: Kutoka Reli ya Kitale hadi Kazi za Mbali

Magazeti yetu yakiandika kuhusu wataalamu wanaohama nchi, huanza na daktari, hufuatia muuguzi, kisha mwalimu. Wana sababu. Daktari akiondoka hospitalini Bungoma, foleni inarefuka kesho yake na kila mtu anaiona. Mwandishi wa programu akiondoka, hakuna foleni. Tarakilishi zinaendelea kuwaka, risiti zinaendelea kutoka, na inaweza kupita miaka 2 kabla ya mtu kuuliza: hivi ni nani anayejua mfumo huu unavyofanya kazi? Ndiyo maana uhamaji wa watu wa fani yangu haupati vichwa vya habari, na ndiyo maana leo nataka tuutazame kwa utaratibu, tangu mbali kidogo.

Mimi kazi yangu iko kati ya Kitale na Bungoma. Vijana wanaomaliza masomo ya tarakilishi huniuliza swali moja kila mwaka: nibaki ama niende? Swali hilo ni zuri ila limekaa vibaya. Linamwekea kijana mmoja mzigo wa tasnia nzima. Swali ambalo historia inaweza kulijibu ni hili: ujuzi ukihama, ni nini hufanya mahali pabaki na kitu, na ni nini hufanya pabaki patupu? Kwa bahati nzuri, hapa kwetu tunayo mifano ya kutosha, na mingi ni ya zamani kuliko tarakilishi.

Ujuzi uliokuja na treni

Tunasahau kwamba miji yetu hii imejengwa na uhamaji wa wataalamu. Reli ya Uganda, kutoka Mombasa hadi Kisumu, ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na wafanyakazi karibu 32,000 walioletwa kutoka India. Wengi walikuwa vibarua, lakini kati yao walikuwamo waashi, maseremala, wahunzi, makarani na mafundi wa mitambo. Mkataba ulipokwisha, zaidi ya 6,700 walichagua kubaki. Reli ilipopanda hadi Eldoret mwaka 1924, tawi lake likafika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ikapitia Webuye na Bungoma na kufika Kampala mwaka 1931. Watu hao, watoto wao na wenzao waliofuata wakapanda nayo, wakafungua maduka, karakana na vinu vya kusaga. Kijana Mbukusu aliyeajiriwa kushika spana katika karakana kama hizo alijifunza kwa macho, maana hakuna aliyempa kitabu.

Upande wa pili walikuwako wamisheni wa kanisa la Friends kutoka Marekani, waliofika Kaimosi mwaka 1902. Misheni yao ilijiita ya viwanda tangu mwanzo: walitengeneza matofali, wakapasua mbao kwa mashine ya maji, wakafundisha useremala pamoja na kusoma. Kutoka Kaimosi kazi yao ilienea hadi Lugulu, na baadaye Kamusinga.

Lakini tusiipambe historia. Wakati huohuo wataalamu walipokuwa wakiingia, watu wa Bungoma walikuwa wakihamia Trans Nzoia kwenda kuwa maskwota katika mashamba ya walowezi. Aliyekuja na ujuzi alipewa nafasi ya kuutumia. Aliyekuwa hapa alipewa jembe. Kwa hiyo tangu mwanzo, swali la uhamaji wa wataalamu lilikuwa pia swali la nani anaruhusiwa kujifunza. Litunze hilo, tutalirudia.

Mahindi ya Kitale

Mfano wa pili ndio ninaoupenda zaidi, na unamhusu mwandishi wa programu kuliko anavyodhani. Mwaka 1955 mtaalamu Mwingereza, Michael Harrison, alianza kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi katika kituo cha utafiti cha Kitale. Mwaka uliofuata, 1956, ikaanzishwa Kenya Seed Company hapohapo mjini, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Harrison alikuwa na mahindi ya hapa, yaliyoitwa Kitale Synthetic. Yalikuwa mazuri lakini ongezeko lake lilikuwa dogo. Akatafuta mbegu Amerika ya Kusini na ya Kati, akaja nazo, akazijaribu moja baada ya nyingine. Iliyopandana vizuri ilitoka nyanda za juu za Ecuador, nayo iliandikwa kwenye daftari kama Ecuador 573. Mtoto wa mahindi ya Kitale na mahindi ya Ecuador aliitwa H611, akatolewa kwa wakulima mwaka 1964. Katika ukoo huohuo ndimo ilimotoka H614, mbegu ambayo wakulima wengi wa Trans Nzoia na Bungoma wanaiapia.

Sasa angalia mambo 2. La kwanza, nguvu ilitokana na kukutana kwa kilichosafiri na kilichobaki. Mahindi ya Ecuador peke yake yasingetufaa, na ya Kitale peke yake yalikuwa yamefika mwisho wake. La pili, mkulima anayenunua mbegu chotara hawezi kuirudia mwaka ujao na kupata mavuno yaleyale. Lazima arudi dukani. Anayeshikilia mbegu mama na mbegu baba ndiye mwenye mali. Wazungu wale waliondoka, ila wazazi wa H611 walibaki Kitale, pamoja na daftari zinazoeleza nini kilipandwa wapi na lini. Wataalamu Wakenya wakaendelea kutoka hapo.

Kwa lugha ya fani yetu: mtaalamu aliondoka, msimbo wa asili ukabaki, na maelezo yake yakabaki.

Karatasi za Webuye

Mfano wa tatu unauma. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilisajiliwa mwaka 1969 kwa ubia wa serikali ya Kenya, shirika la IFC la Benki ya Dunia, na kampuni ya Orient Paper Mills ya jamaa ya Birla kutoka India. Kilianza kutoa karatasi mwaka 1974, mjini Webuye. Wahandisi walikuja kutoka India, na Wakenya wakajifunza kwao: kupika masalia ya miti, kuendesha mitambo ya mvuke, kupima kemikali. Kwa miaka zaidi ya 30 Webuye ilikuwa na kundi la watu wenye ujuzi ambao hukuupata kwingine nchini.

Januari 2009 kiwanda kikafungwa. Kikafufuliwa kidogo, kikalala tena, na mwaka 2016 kikauzwa kwa familia ya Rai. Fikiria fundi aliyejua mashine ya karatasi kama kiganja chake. Angehamia kiwanda gani? Kulikuwa na mwajiri mmoja tu wa ujuzi wake. Mwajiri alipoanguka, ujuzi ule uligeuka kuwa hadithi za jioni. Wengine walirudi shambani, wengine wakaendesha bodaboda.

Kwa hiyo tunazo hali 3. Kwenye reli, ujuzi ulibaki kwa sababu watu walibaki. Kwenye mahindi, ulibaki kwa sababu asili ilibaki, hata watu walipoondoka. Webuye, watu walibaki lakini soko liliondoka, na ujuzi ukafa wakiwa palepale. Watu, asili, soko. Tutumie vipimo hivi 3 kuitazama programu.

Walioruka

Septemba 1959 ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya iliwapeleka Marekani wanafunzi 81. Hadi mpango ule ulipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960 na kurejea 1966. Wengi walirudi, na sababu haikuwa uzalendo peke yake. Ofisi zilikuwa zinawasubiri. Wakoloni walikuwa wanaondoka na viti vilikuwa vitupu.

Kizazi kilichofuata hakikukuta viti. Miaka ya 1980 na 1990 vyuo vikuu vilifungwa mara kwa mara, mishahara ya umma ikaliwa na mfumuko wa bei, na tarakilishi yenyewe ilikuwa kitu cha mashirika makubwa na idara za serikali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na taasisi ya sayansi ya tarakilishi tangu 1977, lakini mhitimu wake alikuwa na milango michache mno ya kubisha.

Kisha Marekani ikafungua 2 kwa mpigo. Sheria yake ya uhamiaji ya 1990 iliunda viza ya H-1B kwa wataalamu, nafasi 65,000 kwa mwaka, na pia ikaanzisha bahati nasibu ya viza kwa nchi ambazo hazikuwa zikipeleka watu wengi. Wakati wa hofu ya mwaka 2000, pale mashirika yalipoogopa kwamba tarakilishi zingesoma 00 kama 1900, waandishi wa programu walitafutwa kama mvua ya Machi. Nafasi za H-1B zikapandishwa hadi 115,000, kisha 195,000, kabla ya kurudi 65,000 mwaka 2004 na nyongeza ya 20,000 kwa wenye shahada za juu kutoka vyuo vya Marekani. Waliozijaza hasa walikuwa Wahindi. Wakenya wengi walipitia mlango wa bahati nasibu na wa masomo, kisha wakaingia katika programu wakiwa hukohuko.

Yeyote aliyekaa katika saiba ya Kitale au Bungoma miaka ya 2000 anakumbuka msimu wa Oktoba: foleni ya watu waliovaa vizuri kwa ajili ya picha, wakijaziwa fomu za bahati nasibu. Kwa saiba nyingi ule ulikuwa msimu wa mavuno. Tuliifahamu intaneti kwanza kama mlango wa kutokea.

Kilichorudi

Hapa ndipo hadithi ya kawaida ya "hasara tupu" inapovunjika. Kampuni iliyowafikishia Wakenya wa kawaida intaneti, Africa Online, ilianzishwa mwaka 1994 na Wakenya 3 waliokuwa wakisoma Massachusetts: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Ilitokana na Wakenya wa ughaibuni kuandikiana barua pepe kuhusu habari za nyumbani. Waliona kwamba kiu ya kusoma magazeti ya Nairobi wakiwa Boston ilikuwa soko. Ujuzi wao ulikuwa wa huko, ila tatizo walilolitatua lilikuwa la hapa. Mahindi ya Ecuador kwa mahindi ya Kitale.

Walipokelewaje? Mwaka 1995 shirika la posta na simu, ambalo wakati huo lilikuwa na ukiritimba, lilitangaza kwamba huduma za intaneti zilikuwa kinyume cha sheria. Novemba 2000 kampuni za intaneti zilipounganisha mitandao yao jijini Nairobi ili barua pepe ya Mkenya kwenda kwa Mkenya isizunguke ng'ambo, msimamizi wa mawasiliano alikifunga kituo hicho ndani ya wiki 2 hivi. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Mtu akikuuliza kwa nini wataalamu hawakurudi kwa wingi, mpe tarehe hizo.

Mfano wa pili ni Ushahidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka. Trans Nzoia tunakumbuka: waliofurushwa makwao walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale. Mapema Januari 2008 Ory Okolloh, wakili aliyekuwa amesoma Harvard, aliandika akiomba mtu wa kutengeneza ramani ya matukio. Erik Hersman na Juliana Rotich wakaingia, na David Kobia, aliyekuwa akiishi Alabama, akaandika programu ya kwanza kwa siku chache. Simu ya mkononi ilituma ujumbe, ramani ikapata alama. Msimbo uliachwa huria, na miaka 2 baadaye ulitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Machi mwaka huo kundi hilohilo likafungua iHub jijini Nairobi.

Tupime. Watu walikuwa mbali, asili ilikuwa wazi kwa yeyote, na iHub ikawapa vijana mahali pa kukutana na waajiri wengi. Vipimo 2 kati ya 3 vilitosha kuanzisha kitu.

Sasa linganisha na M-Pesa. Ilizinduliwa na Safaricom tarehe 6 Machi 2007 na dunia nzima ikatusifu. Lakini programu yenyewe iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, Uingereza, kwa ajili ya Vodafone, na seva zake zilikaa Ujerumani hadi zilipoletwa Kenya mwaka 2015. Huduma ilikuwa yetu kwa matumizi, ila asili ilikuwa ya wengine. Kwa miaka mingi mwandishi wa programu wa Bungoma aliyetaka duka au shule ipokee malipo kwenye mfumo wake hakuwa na mlango rasmi. Tulichomeka modemu kwenye tarakilishi, tukaandika programu ya kusoma ujumbe mfupi wa M-Pesa neno kwa neno, na Safaricom ikibadilisha hata nukta moja kwenye ujumbe ule, mfumo ulilala. Mlango wa kueleweka, Daraja, ulikuja mwaka 2017. Ni miaka 10 kamili baada ya uzinduzi. Hebu jiulize ni kampuni ngapi ndogo zingezaliwa katika miji kama yetu ndani ya miaka hiyo 10.

Kuhama bila kupanda ndege

Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa. Ghafla mtu aliweza kuondoka nchini akiwa kitandani kwake. Mwili uko Milimani, Kitale. Mshahara, saa za kazi na tatizo analolifikiria usiku viko California. Uhamaji wa namna hii hauandikwi uwanja wa ndege.

Andela ndiyo iliyoonyesha uzuri na ubaya wake. Ilianza Lagos mwaka 2014 na kufika Nairobi mwaka uliofuata. Iliwachukua vijana, ikawalipa wakijifunza, ikawaunganisha na kampuni za Marekani. Kwa mara ya kwanza kijana asiye na jamaa mkubwa aliweza kulipwa akiwa bado anajifunza. Septemba 2019 ikatangaza kuwaachisha kazi wanagenzi 250 hivi Nigeria na Uganda, na kwamba hadi 170 Kenya wangeguswa. Sababu ilisemwa wazi: wateja walitaka wenye uzoefu, na wanaoanza walikuwa wamezidi. Mwaka 2020 ikaachana na majengo na kuwa kampuni ya kazi za mbali.

Mwaka huohuo wa 2019 Microsoft ilifungua kituo cha kuandika programu Nairobi, na mwaka 2022 Google ikatangaza chake. Kampuni changa za Nairobi zikaanza kulalamika kwamba watu wao wenye uzoefu wanachukuliwa kwa mishahara wasiyoiweza. Siwalaumu waliohama. Ila ona mfululizo wake: kampuni kubwa inamchukua mzoefu wa Nairobi, kampuni ya Nairobi inamchukua mzoefu wa Eldoret, Eldoret inamchukua aliyekuwa Kitale. Kila ngazi inavuta kutoka chini yake. Aliye chini kabisa hana wa kumvuta.

Kitale na Bungoma wakati huu

Hapa tusizungumze kwa jumla. Bungoma ina watu zaidi ya milioni 1.6 na Trans Nzoia inakaribia milioni 1, kwa sensa ya 2019. Tunacho Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015 na ambacho kinafundisha tarakilishi. Kitale ina chuo chake cha ufundi cha kitaifa. Kwa hiyo vijana waliosoma hawakosekani. Wateja pia wapo: vyama vya akiba na mikopo, shule za bweni, hospitali binafsi, maduka ya pembejeo, vyama vya wakulima wa maziwa na miwa.

Kinachokosekana ni kilicho katikati. Kuna anayeanza, na kuna mteja. Hakuna mtu wa miaka 7 au 10 ya uzoefu wa kukaa kati yao. Mwanagenzi wa seremala hukaa kando ya fundi miaka 3 akichukua misumari na kupiga randa. Mwanagenzi wa programu Bungoma hukaa kando ya nani? Anajifunza kwa video, anaandika kinachofanya kazi leo, na hakuna wa kumwambia kwamba mwaka ujao data ikiwa nyingi kitamwangukia.

Nimeitwa kuokoa mfumo wa chama kimoja cha akiba katika eneo hili, jina nalihifadhi. Aliyeuandika alikuwa kijana hodari na kazi yake ilikuwa safi kuliko nyingi nilizoziona. Alipata kazi nje, akaondoka salama salimini. Chama hakikuwa na msimbo wa asili, hakikuwa na neno la siri la seva, na mkataba haukutaja hata kimoja. Seva ilikuwa imelipiwa kwa kadi ya kijana mwenyewe. Alipoacha kuilipia, akiba za wanachama zikawa kwenye tarakilishi ambayo hakuna aliyeweza kuifungua. Tulirudisha hesabu kutoka kwenye daftari na stakabadhi za karatasi, mwanachama mmoja mmoja. Akina mama wa sokoni walikuja na risiti zilizokunjwa kwenye leso. Waliokuwa wametupa zao walibaki wakiomba majirani wawashuhudie.

Hii ndiyo gharama ninayoizungumzia. Kuondoka kwa yule kijana hakukuwa kosa. Kilichokosewa ni kwamba alikuwa mtu, asili na soko, vyote ndani ya shati moja. Alipopanda basi, vyote vilipanda naye.

Wahindi walifanyaje?

Kila mjadala huu ukifika hapa mtu hutaja India, na ana haki. India ilipoteza waandishi wa programu wengi kuliko sisi sote. Lakini Tata ilikuwa na kampuni yake ya programu tangu 1968, Infosys ikazaliwa 1981, na Texas Instruments ikafungua ofisi Bangalore mwaka 1985. Mhindi aliyekuwa California miaka ya 1990 alipoulizwa na bosi wake "nani atatufanyia kazi hii kwa bei nafuu?", alikuwa na jibu na nambari ya simu. Mtafiti AnnaLee Saxenian aliuita mzunguko wa akili badala ya upotevu wake. Lakini mzunguko unahitaji vituo 2. Maji hayazunguki kama upande mmoja hauna bomba.

Sisi bomba letu kwa sasa ni la pesa. Mwaka 2004 Wakenya walioko nje walituma nyumbani dola milioni 338. Mwaka 2024 walituma karibu dola bilioni 4.9. Zinasomesha, zinatibu, zinajenga. Tembea Kitale uone majumba ya kupangisha yaliyojengwa na walio majuu. Ni jambo jema. Lakini nyumba ya kupangisha haimfundishi mwanagenzi. Mhandisi wa programu akituma pesa tu, amerudisha mshahara wake na kuuacha ujuzi wake huko.

Na milango inabadilika. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, unaowapa watu wa tarakilishi nafasi ya kuingia hata bila vyeti rasmi. Uvumi ulienea kuwa nafasi ni 250,000, na Ujerumani ikakanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Septemba 2025 Marekani nayo ikatoza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Mlango mmoja umefunguka, mwingine umebanwa, na sisi hatukushika kitasa cha wowote. Tasnia inayosubiri viza za wengine ziamue hatima yake ni kama Webuye na kiwanda chake kimoja.

Basi tufanye nini?

Nitasema mambo ninayoyaona yanawezekana hapa, bila kusubiri wizara.

Kwanza, asili ibaki. Kila chama, shule na duka linaloagiza programu liandike katika mkataba kwamba msimbo ni wake au ana nakala yake, seva imesajiliwa kwa jina lake, na maneno ya siri yako ndani ya bahasha kwa katibu. Hii haigharimu chochote siku ya kwanza. Siku ya mwisho inaokoa akiba za watu.

Pili, mwandishi wa programu aandike maelezo, kwa lugha ambayo mwenzake atakayemfuata ataielewa. Wale wa kituo cha Kitale waliandika kwenye daftari kila mstari wa mahindi, na ndiyo maana walipoondoka kazi haikufa.

Tatu, wanaofanya kazi za mbali wakiwa hapahapa. Ninyi ndio watu wa katikati tunaowatafuta. Mnao uzoefu, mko Kitale, Kimilili, Webuye, na pengine jirani yenu hajui mnafanya nini. Chukueni mwanagenzi mmoja. Mmoja tu. Mlipeni kidogo, mpeni kazi ya kweli, msome anachoandika. Andela ilipowaachisha wanagenzi wake ilituonyesha kwamba soko la dunia halitalipia miaka 2 ya kwanza ya mtu. Miaka hiyo 2 ni lazima tuilipie sisi.

Nne, walio majuu. Hatuwaombi kurudi. Nani ataacha kazi kwa hotuba? Lakini aliyeko Seattle au Berlin anaweza kuuliza swali lile la Mhindi kwa niaba yetu: kazi hii ndogo, inaweza kufanyiwa Bungoma? Kazi 1 yenye msimamizi mvumilivu ina thamani kuliko kongamano zima.

Mwanzoni nilisema swali la "nibaki ama niende" limekaa vibaya. Kijana wa Kibabii anaruhusiwa kwenda kama mahindi ya Ecuador yalivyoruhusiwa kuja. Ila sisi tunaobaki tuwe na kitu cha kupandanisha naye siku atakapotuandikia. Akiwaacha nyuma yake msimbo uliofunguliwa, maelezo yaliyoandikwa na mwanagenzi anayejua alichokuwa akikifanya, basi aende salama. Asipoviacha, hata akibaki hapa miaka 40, siku atakapozeeka tutakuwa pale walipokuwa akina mama wale sokoni, tukitafuta risiti kwenye leso.